Modali, popova, menyu kunjuzi au tosti: kipi kitumike wapi

Chukua programu ya kawaida ya duka la jumla: ukurasa mmoja wenye orodha ya bidhaa, bei, kiasi kilichopo stoo, na vitufe vya kuhariri, kufuta na kuchuja. Muuzaji anaifungua kwenye simu ya Android akiwa kaunta, mhasibu anaifungua kwenye kompyuta ofisini. Kazi ni zilezile, lakini karibu kila moja inaweza kufanyika ndani ya kisanduku cha aina nne au tano tofauti. Hapo ndipo timu nyingi huishia kutumia modali kwa kila kitu, kwa sababu tu ndiyo iliyokuwa tayari kwenye maktaba ya msimbo.

Kigezo cha kuchagulia ni kimoja: kisanduku kimzuie mtumiaji kulingana na ugumu wa kurekebisha kosa lake. Kosa linaloondoka kwa mguso mmoja halistahili kusimamisha kazi ya mtu. Fedha zinazotoka kwenye akaunti na hazirudi, hizo zinastahili.

Tunaposema modali tunamaanisha dirisha linalofunga kila kilicho nyuma yake mpaka lijibiwe. Popova ni kisanduku kidogo kinachoshikamana na kitufe kilichokifungua, na kinajifunga ukigusa pembeni. Tosti ni ujumbe mfupi unaotokea chini ya skrini kisha ukaondoka wenyewe. Menyu kunjuzi ni orodha ya chaguo inayofunguka ukigusa kisanduku chake, menyu ya vitendo ni orodha ya amri kama hariri au futa, na paneli ya kutoka chini ni kisanduku kinachopanda kutoka ukingo wa chini wa skrini.

| Aina | Huzuia ukurasa? | Hufungwaje | Inafaa kwa | Haifai kwa |
|---|---|---|---|---|
| Modali | Ndiyo | Kwa kitufe au Esc | Kitendo kisichorudishika. Fomu fupi | Taarifa za "imehifadhiwa" |
| Popova | Hapana | Kugusa pembeni, Esc | Vichujio, maelezo ya ziada | Fomu yenye maandishi marefu |
| Menyu ya vitendo | Kwa muda | Kuchagua, Esc | Hariri, nakili, futa | Kuchagua thamani ya fomu |
| Menyu kunjuzi ya fomu | Hapana | Kuchagua | Chaguo 6 hadi 15 hivi | Chaguo mbili. Chaguo mia |
| Paneli ya kutoka chini | Mara nyingi ndiyo | Kuiburuta chini, kurudi | Vitendo na vichujio kwenye simu | Kompyuta yenye skrini pana |
| Tosti | Hapana | Yenyewe | Matokeo mazuri, "Tendua" | Makosa yanayohitaji kusomwa |

Modali au popova

Kwenye wavuti, tofauti kati ya hizi mbili sasa imo ndani ya HTML yenyewe, lugha inayounda kurasa. Elementi ya `dialog` inakubalika kwenye vivinjari vyote vikubwa tangu Machi 2022, na sifa ya `popover` ilifika kwenye vivinjari vyote hivyo Firefox ilipoipokea Aprili 2024. Kabla ya hapo kila timu ilijitengenezea kwa `div` (kisanduku tupu cha HTML), `position: fixed` (kukibandika kwenye skrini) na `z-index: 9999` (kukipandisha juu ya vingine), na bado kuna mifumo mingi inayoishi hivyo.

Ukiifungua `dialog` kwa `showModal()`, kivinjari hufanya mambo manne bila kuombwa. Huiweka kwenye tabaka la juu kabisa, mahali ambapo `z-index` ya kitu kingine haiwezi kuifunika. Huufanya ukurasa wa nyuma usiguswe wala kufikiwa kwa Tab. Huifunga kwa Esc. Ikifungwa, huirudisha fokasi ya kibodi, yaani mahali kibodi inapofanya kazi kwa wakati huo, kwenye kitufe kilichoifungua. Ukiifungua kwa `show()` tu, hupati matatu ya kwanza kati ya hayo. Ni kisanduku cha kawaida kinachoelea. Watu huchanganya njia hizi mbili, kisha wanashangaa kwa nini Tab inazurura kwenye ukurasa wa nyuma.

Kuna mawili ambayo `showModal()` haifanyi. Haifungi kuskroli kwa ukurasa wa nyuma, kwa hiyo unaweka `overflow: hidden` kwenye `html` modali ikiwa wazi, pamoja na `scrollbar-gutter: stable` ili ukurasa usiruke kulia pale mstari wa kuskrolia unapotoweka. Na haifungwi kwa kugusa kivuli cha pembeni. Hilo la pili ni jema kuliko linavyoonekana: mtu aliyejaza nusu ya fomu, kidole kikateleza nje ya fremu, hatakiwi kupoteza alichoandika.

Popova yenye `popover="auto"` ni kinyume chake. Kugusa pembeni kunaifunga, na ukifungua popova nyingine, ya kwanza inajifunga yenyewe. Haimfungii mtu ndani. Ndiyo sababu inafaa kwa vichujio vya orodha ya bidhaa: muuzaji anafungua kichujio, anaweka alama kwenye "Vinywaji", anaona orodha nyuma ikipungua papo hapo, anagusa pembeni na kuendelea. Ukimwekea modali kwa kazi hiyohiyo, anachagua bila kuona matokeo, anabonyeza "Tekeleza", anakuta orodha tupu, anaanza upya.

Kuhariri bei kuko katikati. Kama ni namba moja, popova inatosha, au afadhali kisanduku cha kuandikia kiwe ndani ya safu yenyewe ya bidhaa bila dirisha lolote. Kama ni bei ya rejareja, bei ya jumla, kipimo na tarehe ya kuanza, modali inafaa. Kama fomu ina sehemu zaidi ya sita au saba, au ina vichupo ndani yake, acha visanduku vyote na uipe ukurasa wake wenye anwani yake. Modali inayofungua modali nyingine juu yake ni dalili tosha kwamba ulihitaji ukurasa.

Popova zilizotengenezwa kwa `div` hukatika kwa sababu mbili zinazojirudia. Ya kwanza ni mzazi mwenye `overflow: hidden` au `auto`, kwa kawaida jedwali lenye kuskroli, ambaye anamkata mtoto pembeni. Ya pili ni mzazi mwenye `transform` au `filter`: hapo `position: fixed` haipimwi tena kutoka kwenye skrini bali kutoka kwa mzazi huyo, na kisanduku kinatokea mahali pasipoeleweka. Kuongeza `z-index` hakutibu lolote kati ya hayo mawili. Tiba ni tabaka la juu, au kuihamishia popova mwisho wa `body` na kupima mahali pake kwa maktaba kama Floating UI, ambayo pia huigeuza kuelekea juu pale nafasi ya chini inapokwisha.

Kuuliza "Una uhakika?" au kuruhusu kutendua

Hapa ndipo muda wa watumiaji unapotea zaidi, na ndipo tunapopingana na mazoea kwa nguvu zaidi.

Mtu anayefuta bidhaa kumi kwa siku na kuulizwa mara kumi kama ana uhakika hasomi swali la kumi na moja. Kidole chake kimeshajua kitufe kiko wapi. Siku atakayogusa safu isiyo yake, atathibitisha kwa kasi ileile, na dirisha lako litakuwa halikuzuia kitu. Kwenye simu kuna ubaya wa ziada: kitufe cha kuthibitisha kikitokea palepale palipokuwa na kitufe cha kufuta, mguso wa pili wa mtu mwenye haraka unathibitisha hata kabla dirisha halijamaliza kufunguka.

Njia mbadala ni kufuta mara moja na kuweka tosti: "Sukari kilo 25 imefutwa. Tendua." Gmail hutumia mtindo huu hata kwa barua inayotumwa, na humwachia mtumiaji achague muda wa kutendua kati ya sekunde 5, 10, 20 na 30. Mwongozo wa usanifu wa Google uitwao Material unataka ujumbe wa namna hii ukae kati ya sekunde 4 na 10. Kwa tosti yenye kitufe cha Tendua chukua 8 hadi 10, maana mtu anahitaji kuona, kuelewa, kisha kufikisha kidole.

Kwa upande wa seva kuna njia mbili za kuifanya ifanye kazi, na hazilingani. Ya kwanza ni kuchelewesha ombi la kufuta mpaka tosti iondoke. Ni rahisi kuandika, lakini mtu akifunga ukurasa ndani ya sekunde hizo, ombi haliendi na bidhaa inarudi kesho yake kama mzuka. Ya pili ni kuweka safu wima ya `deleted_at` kwenye jedwali la data: kufuta ni kuandika muda, kutendua ni kuuondoa, na kazi ya usiku husafisha vilivyopita siku 30. Ni kazi zaidi kwa sababu kila ombi la kusoma data lazima likumbuke kuacha vilivyofutwa, na sharti la jina la bidhaa kutojirudia litagongana na lile lililofutwa. Hata hivyo ndiyo njia ya kuchagua, kwa kuwa inakupa pia ukurasa wa "Zilizofutwa" bila gharama kubwa.

Kuthibitisha kunabaki kwa yale yasiyorudi: kutuma fedha, kufunga akaunti, kuchapisha ankara yenye namba ya kodi, kutuma ujumbe kwa wateja wote. Hapo modali iseme kitakachotokea kwa namba na majina, na kitufe kiwe na kitenzi. "Tuma SMS kwa wateja 412" inasomeka, "Ndiyo" haisomeki. Angalia sana neno "Ghairi". Swali likiwa "Unataka kughairi oda hii?" na vitufe vikiwa "Ghairi" na "Sawa", hakuna anayejua kipi kinafanya nini. Andika "Ghairi oda" na "Acha oda ilivyo".

Kwa kitendo kizito kabisa, kama kufuta duka zima na rekodi zake, mwambie mtu aandike jina la duka kwenye kisanduku kabla kitufe hakijafunguka. Inaudhi, na inatakiwa iudhi. Huduma za pesa kwa simu zimekuwa na kinga ya aina hii muda wote: skrini ya mwisho inayoomba namba ya siri ndiyo uthibitisho wenyewe, na hakuna anayeipita kwa mazoea ya kidole.

Usitumie `confirm()` ya kivinjari kwenye bidhaa unayoitoa kwa watu. Inasimamisha msimbo wote wa ukurasa, haikubali mtindo, na vitufe vyake hufuata lugha ya kivinjari. Swali litakuwa la Kiswahili na huenda majibu yakawa "OK" na "Cancel".

Mpangilio wa vitufe hutofautiana kwa mifumo. Windows huweka cha kukubali kushoto na cha kughairi kulia. MacOS, iOS na Android huweka cha kukubali kulia. Kwenye wavuti chagua kimoja na usibadilishe kutoka dirisha moja hadi jingine, hilo ni muhimu kuliko upande wenyewe. Fokasi ya kwanza kwenye modali ya hatari iwe kwenye kitufe salama, kwa sifa ya `autofocus`, ili Enter iliyobonyezwa kwa bahati mbaya isifute kitu.

Menyu kunjuzi na wapinzani wake

Chaguo zikiwa mbili hadi tano, ziweke wazi: vitufe vya redio au vitufe vilivyopangwa safu moja. Menyu kunjuzi yenye "Rejareja" na "Jumla" humdai mtu miguso miwili kwa kazi ya mguso mmoja, na inamficha asijue kuna nini ndani. Kati ya sita na kumi na tano hivi, `select` ya asili, yaani menyu kunjuzi ya HTML yenyewe, ni nzuri. Zaidi ya hapo mtu anaanza kuskroli kwa kubahatisha, na anahitaji kisanduku cha kuandika kinachochuja orodha.

Mikoa ni kipimo kizuri. Tanzania ina mikoa 31, Kenya ina kaunti 47. Kwenye simu, `select` ya asili hufungua kichaguzi cha mfumo wenyewe, kikubwa na chenye kufahamika, na mikoa 31 inavumilika. Kwenye kompyuta mtu huandika herufi ya kwanza na orodha huruka hapo: "M" inampeleka kwenye mikoa ya Manyara na Mara. Isipokuwa umeandika kila chaguo "Mkoa wa Manyara", "Mkoa wa Mara", "Mkoa wa Tabora". Hapo chaguo zote zinaanza kwa herufi ileile na njia ya mkato imekufa. Ondoa "Mkoa wa" ndani ya orodha, liache kwenye lebo ya juu.

Halafu kuna wilaya zinazofuata mkoa. Ukiacha menyu ya wilaya ikiwa hai na tupu kabla mkoa haujachaguliwa, watu wataifungua na kudhani mfumo umeharibika. Izime, na ndani yake andika "Chagua mkoa kwanza". Mtu akibadilisha mkoa baadaye, futa wilaya iliyochaguliwa. La sivyo utahifadhi Ilala chini ya Mwanza.

Je, ujitengenezee menyu kunjuzi yako badala ya `select`? Sababu inayotajwa karibu daima ni rangi. Bei yake ni hii: mishale ya juu na chini, Home, End, Enter, Esc, kuruka kwa herufi, kugeuka juu nafasi ikiisha, kusomeka na kisoma skrini (programu inayowasomea wasioona kwa sauti), na kufanya kazi kwenye simu yenye skrini ndogo. Timu ndogo ikikosa siku chache za kulipia yote hayo, itumie ya asili. Kinachohalalisha kujitengenezea ni kutafuta kwa kuandika, kuchagua vingi kwa pamoja, au kuonyesha picha na bei ndani ya kila chaguo.

Mwaka wa kuzaliwa usiwe menyu kunjuzi. Mtu aliyezaliwa 1968 ataskroli miongo mingi; mpe visanduku vitatu vya tarakimu na `inputmode="numeric"`. Maandishi ndani ya visanduku hivyo yasipungue pikseli 16, maana chini ya hapo Safari ya iPhone huvuta ukurasa mzima karibu kila mtu anapogusa.

Menyu za vitendo: nukta tatu, kubofya kulia, kubonyeza kwa muda

Kitufe cha nukta tatu kinaonekana. Kubofya kulia na kubonyeza kwa muda havionekani. Kwa hiyo vile viwili vya mwisho viwe njia ya mkato kwa kitu kilichopo tayari mahali pengine, kamwe visiwe njia pekee. Muuzaji hatabonyeza safu ya bidhaa kwa nusu sekunde ili aone kama kuna kitu.

Hata nukta tatu zisiwe jalala. Kama watu huhariri bei mara ishirini kwa siku na kufuta mara moja kwa wiki, "Hariri" ikae wazi kwenye safu na "Futa" iingie kwenye menyu, chini kabisa, ikitengwa na mstari. Kanuni ya Fitts ya mwaka 1954 inasema muda wa kufikia kitu hutegemea umbali wake na ukubwa wake. Kwa hiyo cha kutumika mara kwa mara kikae karibu na kiwe kikubwa, na cha hatari kikae mbali na jirani yake.

Ukubwa una viwango. Apple inataka eneo la kuguswa lisipungue pointi 44 kwa 44, Android dp 48 kwa 48 (dp ni kipimo kisichotegemea wingi wa pikseli za skrini), ambayo Google huihesabu kuwa kama milimita 9. WCAG 2.2 ya Oktoba 2023, mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa wavuti, inaweka kima cha chini cha pikseli 24 kwa 24 za CSS kwa daraja lake la kati, AA. Hiyo 24 ni sakafu tu, usiifanye lengo lako: vidole vya watu kaunta vina unga, jasho, au glavu. Alama yenyewe inaweza kuwa pikseli 20. Eneo linaloizunguka ndilo liwe 48.

Menyu ndogo zinazofunguka pembeni ya menyu hutesa kwa kipanya. Mtu anaelekeza kwenye "Hamisha kwenda", menyu ndogo inafunguka kulia, anakata njia ya mshazari kuelekea chaguo la tatu, kipanya kinapita juu ya "Nakili" na menyu ndogo inafungwa usoni pake. Dawa ni pembetatu ya usalama: mradi kipanya kinasogea ndani ya pembetatu kati ya mahali kilipo na pembe mbili za menyu ndogo, usifunge. Dawa nafuu zaidi ni kuchelewesha kufunga kwa milisekunde 300 hivi. Na kwenye simu usiwe na menyu ndogo kabisa. Badilisha yaliyomo kwenye paneli ileile na uweke mshale wa kurudi.

Kosa moja la msimbo linastahili kutajwa: `role="menu"` kwenye viungo vya kuzungukia tovuti. Jukumu hilo linamwahidi mtumiaji wa kisoma skrini kwamba mishale itafanya kazi kama kwenye menyu za programu za kompyuta. Ukiliandika bila kuandika mishale, umemfungia mlango. Kwa viungo vya tovuti, orodha ya kawaida ndani ya `nav` na kitufe chenye `aria-expanded` (sifa inayokiambia kisoma skrini kama menyu iko wazi) vinatosha.

Kuhusu menyu ya mistari mitatu, iliyobuniwa na Norm Cox kwa kompyuta ya Xerox Star ya mwaka 1981, tuseme kwa ufupi: kama programu yako ina sehemu kuu tatu hadi tano, ziweke kwenye mwambaa wa chini. Mistari mitatu ibebe mipangilio, msaada na kutoka. Kilichofichwa hakitembelewi.

Kina na upana wa menyu huonekana vizuri kwenye USSD, menyu za maandishi zinazofunguka kwa kupiga namba fupi, ambako hakuna mapambo ya kujificha nyuma yake. Ujumbe mmoja una nafasi ya herufi 182 tu, kikao kina muda wake, na kila ngazi ni safari nyingine kwenda kwenye mtandao. Mtu anayepiga *150*00# ya M-Pesa nchini Tanzania analipia kila ngazi kwa kusubiri, kwa hiyo chaguo zinazotumika zaidi huwekwa namba za mwanzo. Ukiibuni menyu ya programu yako kana kwamba kila ngazi inagharimu sekunde mbili, utapunguza ngazi.

Kwenye simu: paneli ya chini au modali ya katikati

Kwa vitendo na vichujio, paneli inayopanda kutoka chini inashinda: iko karibu na kidole gumba, na inaacha sehemu ya ukurasa ionekane. Kwa uthibitisho wa jambo zito, modali ya katikati ni bora kwa sababu haiwezi kuburutwa ikafungwa kwa bahati mbaya. Fomu ndiyo inayoleta ugomvi. Kibodi ikifunguka inameza karibu nusu ya skrini, na kitufe cha "Hifadhi" kilichobandikwa chini ya paneli kinaweza kuzama nyuma yake. Fomu yenye zaidi ya sehemu mbili ipe skrini nzima.

Urefu wa paneli usiwe `100vh`, maana kwenye simu hesabu hiyo haiuondoi mwambaa wa anwani na sehemu ya chini hukatika. Tumia `dvh`, inayopima sehemu ya skrini inayoonekana kwa wakati huo, kwa mfano `max-height: 85dvh`, na `overscroll-behavior: contain` ili mtu akifika mwisho wa orodha ndani ya paneli asianze kuskroli ukurasa wa nyuma.

Kitufe cha kurudi cha Android ndicho kipimo kinachoshindwa mara nyingi. Mtu akiona dirisha lililomfunika, anabonyeza kurudi. Chrome za karibuni kwenye Android hufunga `dialog` ya `showModal()` na popova kwa ishara hiyo. Modali ya `div` haifungwi. Ukurasa mzima ndio unaoondoka pamoja na alichoandika. Ukibaki na `div`, ongeza hatua kwenye historia kwa `history.pushState` unapofungua, na ufunge kwenye tukio la `popstate`.

Tosti haibebi makosa

Tosti ya asili ya Android hukaa sekunde 2 au 3.5. Inatosha kusoma "Imehifadhiwa". Haitoshi kusoma "Bei ya jumla haiwezi kuzidi bei ya rejareja", kutafuta sehemu yenye kosa na kurekebisha. Kosa la sehemu moja likae chini ya sehemu hiyo. Kosa la mtandao likae juu ya ukurasa kama ukanda wenye kitufe cha "Jaribu tena", na libaki hapo mpaka litatuliwe.

Kwa wanaotumia kisoma skrini, tosti ya mafanikio iwe ndani ya eneo lenye `role="status"` lililokuwepo kwenye ukurasa tangu mwanzo; ukiliongeza eneo na maandishi kwa wakati mmoja, mara nyingi halisomwi. Tumia `role="alert"` kwa yale ya dharura tu, maana hukatiza kilichokuwa kikisomwa.

Visivyoombwa

Dirisha la "Jiunge na jarida letu" linalofunika makala kabla msomaji hajasoma mstari wa kwanza lina gharama nyingine: tangu 10 Januari 2017 Google huzishusha kwenye matokeo ya utafutaji wa simu kurasa zinazofunika maudhui hivyo. Ukanda mwembamba au kisanduku mwishoni mwa makala hufanya kazi hiyo bila adhabu.

Kwenye idhini ya vidakuzi (faili ndogo ambazo tovuti huhifadhi kwenye kivinjari), "Kataa" iwe rahisi sawa na "Kubali", kwa ukubwa na kwa idadi ya miguso. Mwanzoni mwa 2022 mamlaka ya data ya Ufaransa, CNIL, ilitangaza faini ya euro milioni 150 kwa Google na milioni 60 kwa Facebook kwa sababu kukataa kulihitaji hatua nyingi kuliko kukubali.

Ruhusa ya arifa isiombwe programu inapofunguliwa tu. Tangu Android 13, arifa zinahitaji ruhusa ya mtumiaji, na akikataa mara mbili mfumo haumwonyeshi tena dirisha hilo. Itabidi aingie kwenye mipangilio mwenyewe. Subiri atende jambo linaloeleza sababu, kama kuweka kiwango cha chini cha sukari stoo, kisha uliza: "Tukujulishe sukari ikifika mifuko 5?" Akikubali hapo ndipo uite dirisha la mfumo.

Majaribio kabla ya kuachia

Ondoa kipanya. Fungua kila kisanduku kwa Enter, zunguka kwa Tab, funga kwa Esc, na uangalie fokasi imerudi wapi. Ikirudi juu ya ukurasa, mtu anayehariri bidhaa ya 80 ataanza safari upya kila mara.

Punguza upana hadi pikseli 320, au kuza kivinjari kwa asilimia 400 kwenye skrini ya 1280. Vitufe viwili vyenye maneno kama "Hifadhi mabadiliko" na "Endelea kuhariri" havitaenea kwenye mstari mmoja. Viruhusu vipangwe juu na chini, usivikate kwa nukta.

Mwisho, punguza kasi ya mtandao kwenye zana za kivinjari na ubonyeze "Hifadhi" mara mbili haraka. Zikiingia rekodi mbili, kitufe hakikuzimwa baada ya mguso wa kwanza. Kata mtandao kabisa ubonyeze tena. Modali ikijifunga kabla seva haijajibu, alichoandika mtu kimepotea. Inapaswa ibaki wazi, ionyeshe kosa ndani yake, na kila sehemu iwe na thamani ileile aliyoiweka.